Mfuko ni kilo 50, mgongo unabeba ngapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa vibarua 14 kwenye ghala moja hapa Kigoma. Tunashusha saruji, tunaipanga, halafu tunaipakia kwenda bandarini ivuke Burundi na Kongo. Mifuko ni ya kilo 50 na malipo ni kwa mfuko. Tangu mwezi uliopita wawili wameacha kazi kwa ajili ya mgongo. Mmoja wa waliobaki, tunamwita Mzee ingawa ana miaka 42 tu, jioni hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Nimemwambia bosi kazi imezidi. Kanijibu kwamba mifuko yote inalingana, hakuna anayebeba kuliko mwenzake, na kama imezidi nimletee kipimo. Je, kipimo hicho kipo? Mashine za bei kubwa siziwezi.

JIBU: Kaka, kipo, tena zaidi ya kimoja, na vingi havidai mashine yoyote. Lakini tuanze na hoja ya bosi wako, maana inasikika nyoofu na imeshawapoteza wengi. Yeye amepima mfuko, mtu hajampima. Mizani itasoma kilo 50 mfuko ukiwa usawa wa kiuno, na itasoma kilo 50 ukiwa sakafuni umebanwa na mingine. Itasoma kilo 50 saa moja asubuhi, na itasoma hivyohivyo saa nane mchana bati likiwa linawaka. Haijui kama aliyeubeba ana miaka 23 au 42.

Watu wa njia hii walilielewa jambo hili kabla ya mimi na wewe kuzaliwa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakitoka Tabora kwenda Ujiji katika karne ya 19 walibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32, na mtu aliukagua mzigo wake kwanza. Ukizidi, ubishi ulianza palepale kambini kabla msafara haujaondoka. Leo kibarua wako anapewa kilo 50 na haulizwi.

Chukua mfuko uliolala sakafuni. Mtu anainama, mikono inaushika, na mfuko unakuwa mbele ya uti wa mgongo wake kwa sentimita 40 hivi. Misuli inayomvuta kuinuka iko nyuma ya pingili kwa sentimita 5 tu. Ni kama pembea ya watoto yenye upande mmoja mrefu na mwingine mfupi: upande mfupi lazima uvute mara nane ya upande mrefu. Kwa hiyo kilo 50 mikononi zinadai misuli ivute kama kilo 400, na bado hujaongeza uzito wa kifua, kichwa na mikono yake mwenyewe, ambavyo navyo vimening'inia mbele. Nguvu hiyo yote inakandamiza pingili za kiunoni. Wataalamu wa NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, walichukua newton 3,400 kuwa kiwango ambacho pingili hizo zisivuke, sawa na kukandamizwa na kilo 350 hivi. Mzee wako anavuka hapo kila anapochukua mfuko wa mstari wa chini.

Taasisi hiyohiyo ina hesabu ya kunyanyua ambayo ilirekebishwa mwaka 1991, na hii unaweza kuifanya kwa tepu ya fundi seremala na kikokotoo cha simu. Inaanza na kilo 23. Huo ndio uzito unaopendekezwa mambo yote yakiwa mazuri: mzigo uko karibu na tumbo, usawa wa sentimita 75 kutoka sakafuni, una mahali pazuri pa kushika, mtu hapindi kiuno na hafanyi haraka. Kila kinachoharibika kinapunguza hizo kilo 23.

Twende kwenye mfuko wako wa chini kabisa. Pima kutoka katikati ya vifundo vya miguu hadi mikono ilipo: tuseme sentimita 40. Gawanya 25 kwa 40, unapata 0.625. Mikono iko sentimita 15 kutoka sakafuni, yaani 60 chini ya ile 75. Kila sentimita inakata 0.003 kutoka kwenye 1, inabaki 0.82. Mfuko unapanda sentimita 120 hadi begani: 4.5 gawanya kwa 120, jumlisha 0.82 (hii ni namba yao isiyobadilika, imefanana tu na ile ya juu), unapata 0.86 hivi. Kasi ya mfuko mmoja kila dakika kwa siku nzima ni 0.75 kwenye jedwali lao. Mfuko wa saruji hauna mshiko, unalegea katikati: 0.90. Zidisha vyote na 23. Jibu ni karibu kilo 7.

Ndiyo, saba. Mtu anapewa 50 mahali panapostahili 7. Ukigawanya 50 kwa 7 unapata kama mara 7, na wao wenyewe wanaona kuwa ikishapita mara 1 hatari inaanza, na ikipita 3 watu wengi wanaofanya kazi hiyo wako pabaya. Hapo bado hesabu inakuonea huruma, kwa sababu ilitengenezwa kwa mahali penye joto la nyuzi 19 hadi 26, sakafu kavu, bila kutembea umbali mrefu na mzigo. Ghala lako halipo kwenye hali hiyo hata siku moja ya mwaka. Vilevile ni hesabu ya mtu mmoja kwa mikono miwili. Wakiwa wawili wanamtwisha mwenzao, isitumie.

Sasa rudia hesabu ileile rundo likiwa limeinuliwa juu ya paleti hadi usawa wa kiuno, mtu akiuvuta mfuko hadi sentimita 30 kabla ya kuunyanyua, na safari ya kupanda ikiwa sentimita 60 tu. Utapata kilo 11 na nusu hivi. Bado 50 ni zaidi ya mara nne, sitakudanganya. Lakini umetoka saba hadi nne kwa paleti kuukuu na maelekezo ya nusu saa. Mfuko ukiwa wa kilo 25, unashuka hadi mbili na kidogo. Ninaandika hivi ili ujue pa kusukuma: usimwambie bosi "punguzeni kazi", mwonyeshe mistari mitatu ya chini ya rundo.

Kuna namba nyingine ambayo bosi akiijua ataishika kwa mikono miwili, kwa hiyo bora uisikie kwangu. Shirika la Kazi Duniani, kwenye pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo wa kubebwa mara kwa mara na mwanamume mtu mzima. Atasema, si unaona, sisi tuko 50. Mjibu kwamba 55 ni dari, namba inayohesabu uzito peke yake kama mizani yake inavyofanya: haiangalii urefu wa rundo, wala idadi ya mifuko kwa siku. Na kama mna kazi za magunia ya mahindi ya kilo 100 pembeni, hayo yameshaipita dari hiyo karibu mara mbili. Katazo la lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, linalosimamiwa na Wakala wa Vipimo linaishia kwenye kilo 100 hizohizo. Liliwekwa mkulima asipunjwe, kuli hakuwemo kwenye hesabu.

Mpaka hapa tumepima kazi. Mtu je?

Kuna njia ya kuangalia mkao, inaitwa OWAS, iliyotoka kwenye kiwanda cha chuma cha Ovako huko Finland miaka ya 1970. Unaangalia mgongo, mikono, miguu na mzigo, unaandika namba kwa kila kimoja. Siku hizi unachukua video kwa simu, unaisimamisha kila baada ya sekunde 30, unahesabu ni mara ngapi mgongo umeinama au umepindika. Kwa wewe ina kasoro moja kubwa: daraja lake la juu la mzigo ni "zaidi ya kilo 20", kwa hiyo kwao mfuko wa 50 na gunia la 100 ni kitu kimoja. Itumie kuhesabu migongo iliyoinama tu. Ukikutana na RULA mtandaoni, njia nyingine ya kuangalia mkao, iache. Ilitengenezwa kwa ajili ya shingo na mikono, inawafaa mafundi cherehani na watu wa kompyuta.

Kipimo ninachotaka ukitumie wiki hii ni mapigo ya moyo, na hasa mapigo ya wakati mtu anapumzika. Mtaalamu mmoja, Lucien Brouha, aliyekuwa akiwapima watu viwandani katikati ya karne iliyopita, aliona kwamba moyo unasimulia vizuri zaidi baada ya kazi kuliko wakati wa kazi. Unafanya hivi. Mtu akitua mfuko wa mwisho wa mzunguko, akae hapohapo kivulini. Washa saa ya kwenye simu. Tafuta mshipa wa mkononi, upande wa kidole gumba, kwa vidole viwili. Subiri sekunde 30, kisha hesabu mapigo ya sekunde 30 zinazofuata na uzidishe kwa mbili. Hiyo ni namba ya kwanza. Pumzika nusu dakika, hesabu tena nusu dakika: ya pili. Fanya hivyo mara ya tatu. Dakika tatu zimeisha na una namba tatu.

Ikiwa ya tatu iko chini ya 90, mwili umerudi nyumbani salama. Ikiwa iko 90 hivi lakini imeshuka angalau 10 kutoka ile ya kwanza, kazi ni nzito ila anaimudu. Ikiwa ya tatu imebaki juu ya 90 na haijashuka hata 10, huyo hapumziki. Anaanza mzunguko unaofuata akiwa na deni. Namba ya kwanza nayo ukiona inabaki 110 au chini yake siku nzima, uchovu haulimbikizani.

Tuseme kijana wako wa miaka 23 anakupa 108, 94, 84. Mzee anakupa 132, 126, 124. Mifuko ni ileile, mizani ileile, idadi ileile. Karatasi yenye mistari hiyo miwili ndiyo kipimo alichokuomba bosi.

Pima mara tatu kwa siku: baada ya saa ya kwanza, kabla ya chakula, na kabla ya kufunga. Mtu anayetoa 110 asubuhi na 130 alasiri kwa mifuko ileile, joto na uchovu vimeongezeka juu ya mzigo. Na lazima uwe na namba yake ya asubuhi kabla hajagusa kitu, akiwa amekaa dakika tano. Hapo angalia mambo mawili ya hapa kwetu. Kahawa: mtu aliyetoka kijiweni na vikombe vitatu na kashata moyo wake uko juu tayari, mpime kabla hajapita huko. Malaria: mtu ambaye siku zote ni 68 na leo asubuhi amekaa tu ana 90, usimpe mfuko, mpeleke akapimwe. Mimi nimeshawahi kugundua homa ya mtu kwa njia hii kabla yeye mwenyewe hajaisikia.

Ukipata mkanda wa kifuani wa kupima mapigo, hata wa kuazima kwa mtu wa mazoezi, unaweza kupiga hesabu ya siku nzima. Mapigo ya juu kabisa ya mtu ni kama 208 toa 0.7 ya umri wake. Kwa Mzee ni 179 hivi. Kama mapumzikoni ana 70, nafasi aliyonayo ni 109. Kwa kazi ya saa nane, wastani wa siku usile zaidi ya theluthi moja ya nafasi hiyo, yaani usipite 106. Akiwa na wastani wa 128 anatumia zaidi ya nusu, na hiyo ni kasi ya mtu anayekimbia, si ya mtu wa kuja kesho na keshokutwa. Saa za mkononi zinazosoma mapigo zinadanganya mkono ukiwa umekaza mzigo, kwa hiyo mkanda wa kifuani au vidole vyako ni bora.

Utauliza, kwa nini nisiwaulize tu kama wamechoka? Waulize, ila kwa akili. Msweden Gunnar Borg alitengeneza kipimo cha namba 6 hadi 20: sita ni kukaa tu, kumi na tatu inaanza kuchosha, ishirini umekwisha. Alianza na 6 kwa makusudi. Ukizidisha kwa 10 unapata takriban mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya. Ni kipimo kizuri sana, na mimi nilikiharibu Tabora. Nilikuwa kwenye ghala la tumbaku, nikapita na karatasi yangu nikiwa nimeongozana na msimamizi wao. Mtu wa tatu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kope, akaniambia, "Saba." Nikamshika mkono, mapigo 148. Msimamizi alipogeuka kupokea simu yule bwana akacheka: "Mtaalamu, nikikuambia kumi na saba, kesho ataitwa mwingine." Tangu siku hiyo nauliza nikiwa peke yangu na mtu, na namba ya mdomo naiweka jirani na namba ya mshipa. Zikipishana sana, najua kuna woga ghalani.

Halafu chagua maneno. Ukimuuliza kuli "ni nzito?" atakujibu kuhusu mfuko. Uliza, "imekuchosha kiasi gani?"

Maumivu nayo yana mtego wa lugha. Kwetu mtu akisema mgongo, anaweza kumaanisha kuanzia shingoni hadi makalioni; na wapo wasiopenda kutamka kiuno mbele za watu kwa sababu ya utani utakaofuata. Chora mtu kwa nyuma kwenye karatasi, mgawe sehemu tisa kama wanavyofanya watu wa nchi za Nordik kwenye dodoso lao la mwaka 1987: shingo, mabega, viwiko, mikono, mgongo wa juu, kiuno, nyonga, magoti, miguu. Kila mmoja atie alama panapouma siku saba zilizopita, na pengine alama nyingine kwa panapouma ndani ya mwaka. Jina lisiwepo. Vibarua 14 wakitia alama na 11 zikaangukia mahali pamoja, huhitaji kueleza.

Kama wapo wanaobeba kichwani kwa ngata, tazama shingo na magoti. Kuna utafiti maarufu wa mwaka 1986 kwa wanawake wa Kikikuyu na Kijaluo nchini Kenya ulioona kuwa walibeba kichwani, au mgongoni kwa kamba ya kipajini, hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Watu wanaupenda sana utafiti huo na wanausahau mpaka wake. Kilo 50 kwa mtu wa kilo 65 ni asilimia 77.

Sasa mizani ya bosi, ile anayoiamini. Ikiwa inasoma hadi robo kilo, panda nayo watu. Mpime kila mmoja kabla ya kazi na baada ya kazi, amejifuta jasho, nguo zilezile nyepesi na kavu. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito, yaani kilo moja hivi kwa mtu wa kilo 65, hakunywa maji ya kutosha siku hiyo. Kwenye ghala la bati karibu na ziwa utashangaa ni wangapi. Ndoo ya maji yenye kifuniko na kikombe kwa kila mtu, iwe pale mifuko inapotoka na siyo ofisini kwako, na upime tena wiki inayofuata.

Hesabu pia mifuko kwa saa, kwa kila mtu. Kwa malipo ya kwa mfuko hii ndiyo inayoendesha yote: mtu anakimbiza asubuhi kwa nguvu zote, mchana anaburuta, na ajali hutokea alipoanza kuburuta. Mifuko 160 kwa siku ni tani 8 zilizopita juu ya bega moja. Nimeona bosi mgumu akilainika kwa sentensi hiyo peke yake, kabla sijafungua daftari la mapigo.

Akiwa bado mgumu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndio wasimamizi wake. Wana wakaguzi na unaweza kuwaomba ushauri kabla mambo hayajawa kesi. Wale wawili walioondoka na migongo yao, wasiishie nyumbani kujikanda na mafuta ya mawese. Maumivu yaliyotokana na kazi ni jambo la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, na daktari anapaswa kuandika wazi kwamba walikuwa wanabeba saruji.

Jambo la mwisho, na hili usilichukulie juujuu. Waambie watu wako kabla hujamshika yeyote mkono kwamba namba hizi hazitatumika kumwondoa mtu. Bosi akiziona namba za Mzee, wazo lake la kwanza litakuwa kumtafuta kijana mwingine, na siku hiyohiyo kila mtu ghalani atakuwa "saba". Mpelekee kwanza namba za kundi zima, na mistari ya rundo, na paleti. Mzee mwenyewe mweke pembeni umuulize kama angependa kuhesabu mifuko mlangoni kwa muda, kiuno kipoe. Ila kabla hujamuuliza, jua utamlipaje, maana anayesimama mlangoni habebi mfuko hata mmoja.